Hesabu Mikono Kwanza: Kupanga Drams Kwenye Kompyuta

Kosa langu kubwa nilionyeshwa na mpiga drams mmoja niliyemsikilizisha biti yangu kwa majivuno. Alitulia, akainua mikono yake miwili, akaniuliza, "Wa tatu nautoa wapi?" Nilikuwa nimeacha hai-hati (simbali mbili zinazofungana) inaendelea, sneya (ngoma ya mlio mkali) inalia na krashi (simbali ya kishindo) juu yake, vyote kwa mpigo mmoja.

Basi anza hapo: mikono miwili, miguu miwili. Ukishuka kwenye tomu, zile ngoma nyingine za kupigwa kwa vijiti, hai-hati inyamaze, au ibaki ile ya kukanyagwa kwa mguu. Futa tu, hata ukiona panabaki patupu.

Kinachofuata ni nguvu ya mapigo, na hapa ndipo mimi hutumia muda mwingi. Kwenye MIDI, lugha ambayo kompyuta huandikia muziki, kila pigo lina namba ya nguvu, 1 hadi 127. Ukibofya kwa kipanya, mara nyingi programu inayapa mapigo yote namba ileile, na hai-hati inalia kama cherehani. Jaribu mapigo manane hivi: 96, 62, 88, 58, 94, 65, 85, 60. Mapigo makuu ya sneya yawe kwenye 110, yapande na kushuka kidogo. Katikati yake chomeka miguso ya 25 hadi 35, ile ambayo msikilizaji haitambui mpaka uitoe. Ila tafuta sauti zilizorekodiwa kwa nguvu tofauti. Pigo laini si pigo kali lililopunguzwa sauti. Ngozi yenyewe hulia vingine.

Halafu muda. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 600. Kuchelewesha sneya kwa milisekunde 10 tu kunaulegeza wimbo vizuri. Kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, iache ilipo, ishikane na besi. Kile kitufe cha kutawanya mapigo ovyo sikipendi kabisa: mpiga drams mzuri hakosei ovyo, ana tabia. Anayevuta nyuma, anavuta wimbo mzima. Kwa swingi, yaani kuchelewesha pigo la pili katika kila jozi, 50% ni mapigo yaliyonyooka; mimi huanzia 54%. Wazo hili si jipya, mbunifu Roger Linn aliliweka kwenye mashine yake ya drams, LM-1, mwaka 1980.

Kama wimbo unataka ladha ya mashine, kama ile ya mashine ya drams ya TR-808, ruka haya yote, uache kila kitu kimenyooka.

Brashi (vijiti vya nyuzi) kwenye sneya usihangaike nazo, ita mpiga drams. Na kama unaye kwa saa mbili tu, tumia kiki na sneya zako za kompyuta, yeye umrekodi hai-hati na simbali peke yake, maana huko ndiko kompyuta hujianika mapema. Mfunikie sneya taulo nene: mkono wake wa kushoto bado unahitaji pa kutua, na maikrofoni zisiusikie.