Bamvua la kufungia mbegu usilihesabu: kosa linalowapunja wakulima wa mwani

Kufunga tai-tai, vile vikamba vya kushikiza mbegu kwenye mistari ya kamba, na kupigilia vigingi hamhitaji kufundishwa na mimi. Wapo kina mama Paje na Jambiani, Zanzibar, wanaofanya kazi hii tangu ilipoanza mwaka 1989. Ninaandika kwa sababu ya hesabu. Tunasema kila siku kwamba mwani uvunwe bamvua la tatu (bamvua ni zile siku ambazo maji hujaa na kutoka sana, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu), na mkulima anaitikia vizuri tu, kisha anahesabu pamoja na lile bamvua alilofungia mbegu. Anavuna mwani wa siku 30 huku akiapa kwamba ametimiza siku 45. Wengine hesabu wanaijua, ila mnunuzi akishafika kijijini na mizani hawangoji. Hao nitawafikia.

Bamvua la kufungia mbegu halihesabiwi. Kutoka bamvua moja hadi jingine ni siku 15 kasoro kidogo. Uliyefunga mwezi ulipoandama, bamvua lako la kwanza ni la mwezi kumi na tano, yaani mwezi mpevu, la pili ni la mwezi kuandama tena, na la tatu ni la mwezi kumi na tano unaofuata. Hapo ndipo umefika siku 44 au 45. Uliyefunga mwezi mpevu utavuna mwezi ukiandama. Kwa hiyo ukijikuta umeshika gunia mwezi ukiwa katika hali ile ile ya siku ulipofunga, rudi nyumbani: mwani wako una siku 30 tu. Labda uwe umeuacha hadi siku 59, na huko kamba zinakuwa zimeelemewa na matawi yanakatika na kwenda na maji.

Kuna upotevu mwingine mdogo ndani ya hesabu hiyo. Bamvua moja linakupa siku kadhaa za kuingia shambani. Ukifunga siku ya mwisho ya bamvua hili na kuvuna siku ya kwanza ya lile, umeshaipunguzia mbegu siku nne au tano za kukua. Mistari uliyoifunga mwanzo uivune mwanzo, na ya mwisho iwe ya mwisho. Funga kitambaa chenye rangi kwenye kigingi cha mstari wa kwanza. Usiniambie utakumbuka, maana kila ninayemuuliza tarehe aliyofunga ananijibu “kama mwezi hivi”.

Sasa tupige hesabu ya kilo, kwa sababu najua mnunuzi anapima uzito na hakuulizi umri wa mwani. Chukua mbegu ya gramu 100, tuseme inaongezeka asilimia 3 kwa siku. Msimu mzuri huzidi hapo, na wakati wa joto hushuka. Siku ya 30 inafika gramu 243. Toa gramu 100 za mbegu ya kurudishia, unabaki na 143. Siku ya 45 inafika gramu 378, ukitoa mbegu unabaki na 278. Katika siku 90, anayevuna kila siku 30 anapata 143 mara tatu, yaani gramu 429. Anayengoja siku 45 anapata 278 mara mbili, yaani gramu 556. Hiyo ni tai-tai moja. Kwenye tai-tai 1,000, mwenye haraka ameacha baharini kilo 127 za mwani mbichi. Ukichukulia kilo 8 mbichi hutoa kilo 1 kavu, hizo ni karibu kilo 16 kavu. Na bado yeye ndiye aliyeinama kufunga mbegu mara tatu, mwenzake mara mbili.

Tena mwani mchanga una maji mengi, kwa hiyo ukikauka hupungua zaidi ya hapo. Kinachonunuliwa nje ni karajinani, ule utomvu unaogandisha unaotiwa kwenye aiskrimu na dawa ya meno, nao unahitaji hizo wiki sita ili utengenezeke vya kutosha. Akina mama wanaopika mwani kwa ajili ya sabuni na jemu wanaliona hili sufuriani bila kuambiwa na mtu: mwani mchanga hutoa uji mwepesi.

Sababu mbili za kuvuna mapema nazikubali. Ya kwanza ni matawi kugeuka meupe na kulainika, hasa maji yakiwa ya moto na hayatembei. Toa mistari iliyoathirika siku hiyo hiyo, upeleke pwani, usiutupe mwani mgonjwa pembeni ya shamba la jirani. Ya pili ni upepo mkali ambao umeshaanza kung'oa vigingi. Samaki tasi si sababu. Tangu zamani wavuvi wanatia mwani kwenye dema, ule mtego wa samaki, kuwa chambo cha tasi, kwa hiyo wanakula, ndiyo, lakini wakila ncha za mistari miwili huvuni shamba zima. Weka dema hapo pembeni, upate na kitoweo.

Mbegu ichukuliwe kwenye ncha changa za mwani uliotimiza siku, gramu 100, si masalia magumu yaliyokosa mnunuzi. Ipime kwenye mizani mpaka mkono uzoee. Tai-tai hadi tai-tai sentimita 20, kamba hadi kamba sentimita 30, na maji yakitoka kabisa yabaki angalau sentimita 30 juu ya mchanga. Vigingi msikate mikoko. Majani ya bahari yaliyopo msiyang'oe kusafisha shamba, tafuteni sehemu yenye mchanga mtupu. Tai-tai zilizokatika zirudi nyumbani.

Mwani uliokomaa una matawi manene na ukiuvunja unakatika kwa sauti. Uanike kwenye kichanja, si mchangani, na uufunike mvua ikija.

Nimeahidi kuwafikia wanaovuna changa kwa sababu ya shida ya fedha. Sitawaambia wavumilie, ada ya skuli haivumilii. Ligawe shamba sehemu tatu zilizo sawa. Bamvua hili funga sehemu ya kwanza, linalofuata ya pili, jingine ya tatu. Bamvua litakalofuata hapo, sehemu ya kwanza imetimiza siku 45, uivune na uirudishie mbegu bamvua hilo hilo. Kuanzia hapo kila bamvua una sehemu iliyokomaa, na mnunuzi akija wakati wowote hukosi gunia la kumpimia. Kinachouma ni zile siku 45 za mwanzo tu, kwa hiyo anzeni kugawa sasa hivi ambapo mnao mwani wa kuuza, msingoje mpaka mfuko umekauka. Na sehemu iliyovunwa isilale bila mbegu hata bamvua moja, la sivyo zamu zitaparanganyika na utajikuta unarudi kuvuna ya siku 30.