Jinsi ya kuandika wasifu wa kijiji chako, tukianzia Corippo

Nafundisha jiografia hapa Mwanza. Kila mwaka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanapoandika wasifu wa kijiji au mtaa wao, huwa nawaanzishia mbali: Corippo, bonde la Verzasca, jimbo la Ticino, kusini mwa Uswisi. Ni kijiji cha nyumba za mawe zilizong'ang'ania mteremko. Mpaka Oktoba 2020 kilijitawala chenyewe, kisha kikaunganishwa na jirani zake. Ukisoma kwamba kilikuwa manispaa, usiwaze manispaa kubwa kama Ilemela yetu hapa Mwanza. Eneo lake lilikuwa kilomita za mraba 7.7 tu, na mwishoni wakazi hawakufika 15.

Anza na ardhi, watu wafuate. Corippo ni mteremko mkali wenye msitu mwingi, na pa kulima ni padogo mno. Ukishaliona hilo, hutashangaa kwamba katikati ya karne ya 19 kilikuwa na watu karibu 300, halafu kikapungua kizazi baada ya kizazi. Watu wa Ticino walihama kwa wingi, wengine mpaka California na Australia. Kwako wewe, andika mwinuko (ziwa letu, Victoria, liko kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari), mwalo, yaani pale mitumbwi inapofikia, uko upande gani, mawe yanaanzia wapi, mpunga unalimwa bonde lipi na mihogo iko kwenye udongo gani. Tembea kwa miguu. Ramani ya simu haikuonyeshi udongo wa kichanga.

Ukifika kwenye msongamano wa watu, gawa idadi ya watu kwa nchi kavu. Mwanafunzi wangu mmoja kutoka Ukerewe, wilaya ya visiwa ziwani, alijumlisha na maji, wilaya ikaonekana kama pori. Nikamwuliza shamba lao limepakana vipi na la jirani. Akasema, "Mwalimu, ni mstari wa minyaa tu, na jirani akikohoa tunamsikia." Akafuta, akaanza upya.

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote: watu walihesabiwa lini, na wapi? Sensa yetu ya 2022, iliyoupa Mkoa wa Mwanza watu 3,699,872, ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Uswisi, tangu 2010, idadi hutoka kwenye daftari za wakazi, ikichukuliwa kama ilivyo tarehe 31 Desemba. Mtu anahesabiwa pale alipoandikishwa, hata kama usiku huo amelala kwa shangazi yake mji mwingine. Kwa hiyo usiweke namba hizo mbili kwenye jedwali moja bila kueleza tofauti hiyo.

Kwa kijiji cha mwambao jambo hili ni zito, kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiingia, taa hazivuti dagaa, wavuvi wanafunga mitumbwi na wengi wanarudi makwao. Kambi iliyojaa leo, wiki mbili baadaye unakuta wapishi, watengeneza nyavu na mbwa. Nami nilirudi kwenye kalenda: usiku ule wa sensa mwezi ulikuwa umebaki kipande chembamba, siku nne tu kabla ya mwezi mwandamo. Ulikuwa msimu wa giza. Mvuvi mwenye mke na watoto Magu au Sengerema, kama alikuwa kwenye kambi ya kisiwani, amehesabiwa huko.

Basi nenda mwaloni mara mbili. Mara ya kwanza wakati wa giza: fika asubuhi dagaa wanapoanikwa, uliza kila kibanda wamelala wangapi, wanaume wangapi, wanawake wangapi, na nyumbani kwao ni wapi. Hilo la nyumbani usiliruke, ndilo linaloonyesha kijiji kinalishwa na watu wa wapi. Kisha mpitie mtendaji wa kijiji, ulinganishe na idadi aliyonayo, uandike ni ya mwaka gani.

Kwenye daftari chora safu mbili, moja "giza", nyingine "mbalamwezi". Ya pili iache wazi mpaka utakaporudi.