Jinsi ya kutoa gundi ya nembo kwenye gari bila kuumiza rangi

Wakuu habari za leo. Wiki iliyopita dada mmoja kaniletea IST yake nyeupe, nyuma kwenye buti imejaa mistari kama imeparuliwa na paka, kumbe alibandua yale maandishi ya nyuma gundi ikabaki, kijana aliyekuwa anamuoshea gari akaifuata na wembe. Gundi ilitoka kweli ila klia (lile tabaka la juu linaloonyesha rangi iliyo chini na kuing'arisha) nayo ikaondoka. Iliniuma sana maana kazi yenyewe ni ya saa moja tu ukitulia, na vifaa vingi unavyo nyumbani.

Mi napiga polishi magari hapa Sinza na hizi nembo natoa mara kwa mara, magari yetu mengi yanakuja yametumika kutoka Japani na mtu hataki maandishi ya mwenye gari wa zamani, au ananunua nembo mpya Kariakoo anataka kubadilisha.

Kwanza ujue unapambana na nini. Ile ni dabo tepu ya sponji, ina gundi ya akriliki pande zote mbili, na gundi ya aina hiyo kadri inavyokaa ndo inavyozidi kung'ang'ania, alafu jua letu likishaipiga miaka kadhaa sponji inakauka, ukivuta inakatika vipande vipande. Chini yake kuna klia ambayo kwa rangi ya kiwandani ni kama mikroni 40 hadi 50, yani unywele wa kichwani mara nyingi unaizidi unene. Gundi inalegezwa na joto, nguvu yako ukiizidisha inaishia kwenye hiyo klia.

Tafuta hivi: drayari ya nywele, mshipi wa kuvulia samaki wa nusu milimita hivi, kadi ya plastiki ya zamani, mafuta ya taa au waiti spiriti, spiriti ya kusafishia vidonda, vitambaa laini vya maikrofaiba vitatu au vinne, sabuni ya maji, kampaundi (dawa ya kusugulia rangi ing'ae) na waksi. Wembe, kisu, stilwaya na tina (ile ya kuyeyushia rangi) viache kabatini.

Hatua ya 1: osha. Osha na sabuni na usuuze vizuri hasa kingo za nembo. Kama unaishi barabara ya vumbi usiruke hapa, punje moja ya mchanga ikikaa chini ya kitambaa unakuwa unapiga msasa.

Hatua ya 2: kagua. Fungua buti uchungulie kwa ndani, nembo nyingine zina vipini vimeingia kwenye matundu, hizo ukitoa utabaki na matundu, kwaiyo jiulize kama kweli unataka. Alafu pima rangi. Chovya kitambaa cheupe kwenye mafuta ya taa, sugua kidogo sehemu ya kujificha kama ndani ya kifuniko cha tenki, na kama gari limegongwa likapigwa rangi nyuma basi pima huko huko nyuma pembeni chini. Rangi ikija kwenye kitambaa simama hapo hapo. Gari zilizorudiwa rangi ya NC (nitroselulosi) gereji ndo zinanitisha kuliko zote, ile rangi hata ikauke miaka mitano ukiipaka tina inayeyuka upya.

Hatua ya 3: pasha joto. Drayari ikae mbali kama upana wa kiganja, izungushe dakika 2 au 3 usiigandishe sehemu moja. Gusa bodi na mgongo wa mkono, iwe ya moto ila unaweza kuvumilia. Umeme umekatika? Paki juani saa saba mchana, au weka kitambaa cha maji ya moto yasiyochemka ubadilishe badilishe. Bunduki ya joto ya gereji usiguse kama hujaizoea, inababua rangi na kwenye bampa la plastiki ndo balaa kabisa.

Hatua ya 4: pitisha mshipi. Kata kama nusu mita, zungushia vidole (vaa glavu, mshipi unakata ngozi), upitishe nyuma ya nembo na uvute kushoto kulia kama mtu anavyokata sabuni ya mche kwa uzi. Unakata sponji katikati, hugusi rangi. Ukiona umegoma usikaze, rudisha drayari.

Hatua ya 5: sponji. Hapa ndo watu wanakosa subira. Pasha tena, alafu weka dole gumba kwenye ukingo na usukume taratibu kwa kuviringisha, sponji itaanza kujikunja kama ukoko wa ugali unaobanduka kwenye sufuria, na kila kikunjo kinavuta gundi nyingine ya pembeni yake. Kidole kitauma, badilisha kidole. Ikigoma tumia kadi, uilaze karibu sambamba na bodi, usiisimamishe. Ukimaliza hapa robo tatu ya kazi imeisha.

Hatua ya 6: gundi iliyobaki. Sasa hamia kivulini na uache bodi ipoe, maana kwenye bodi ya moto dawa inakauka kabla haijafanya kazi. Lowesha kitambaa mafuta ya taa, kilaze juu ya gundi dakika 5 bila kusugua, alafu futa kuelekea upande mmoja. Rudia, hata mara nne. Geuza kitambaa kila mara usije ukaipaka gundi ile ile sehemu nyingine. Na moto au sigara visiwepo karibu.

Hatua ya 7: malizia. Futa na spiriti kuondoa mafuta, osha na sabuni, kausha. Mara nyingi utaona kivuli cha nembo kimebaki, hiyo sio gundi, ni kwamba rangi ya pembeni imepauka na ya chini ilikuwa imefichwa. Kampaundi kidogo kwa mkono, sugua sehemu pana kuliko kivuli, alafu waksi. Gari lisilo na klia litaacha rangi kidogo kwenye kitambaa wakati wa kampaundi, hapo usishtuke, ila usizidishe. Gari la zamani sana kivuli kinapungua tu, hakiishi.

Kwa mwenye mikwaruzo tayari: pitisha ukucha juu ya mstari, usiponasa polishi inautoa, ukinasa hiyo ni ya fundi rangi. IST ya yule dada mistari mingi imetoka, mitatu ilinasa ukucha na ikabidi aende kupigwa klia upya.

Na kama unabandika nembo mpya, futa na spiriti kwanza, pasha joto kidogo, kandamiza kwa nguvu nusu dakika, alafu gari lisioshwe kwa siku 3, hasa na mashine ya presha, dabo tepu inahitaji kama saa 72 kushika kikamilifu.