Ukipatwa na Shida Nchi ya Watu: Nambari, Karatasi na Hatua za Kufuata

Msafiri anayetoka Unguja au Pemba kwenda Maskati, Dubai, Makka au India kwa matibabu huweka kila kitu ndani ya simu, na simu ndiyo ya mwanzo kuibiwa au kuzima chaji. Kabla ya kutoka nyumbani andika kwenye karatasi nambari ya ubalozi wa Tanzania wa huko uendako, anuani ya pahala utakapofikia, na nambari za jamaa wawili. Zianze na +255, bila ya sifuri ya mbele. Karatasi ikae mbali na paspoti. Ukurasa wa paspoti wenye sura yako upige picha pamoja na viza, umtumie mtu wa nyumbani.

Nambari za dharura: Oman 9999, Falme za Kiarabu polisi 999, ambulensi 998, Makka 911, India 112. Ukipokewa, sema kwanza ulipo: mtaa, jengo, duka la karibu. Laini ikikatika, wameshajua pa kuja.

Paspoti ikipotea, anzia polisi upate ripoti ya maandishi, kwa sababu ubalozi utaitaka. Ubalozini nenda na ripoti hiyo, nakala ya paspoti, picha ndogo na kitambulisho chako, uombe hati ya dharura ya kusafiria. Hapa ndipo wengi hukwama: hati wanayo, lakini viza imepotea na paspoti. India, kwa mfano, hutoki mpaka upate kibali cha ofisi ya FRRO inayosimamia wageni, kwa hivyo usikimbilie kukata tiketi ya kesho. Na paspoti uliyokwisha kuiripoti, hata ukija kuiona chini ya begi, usiisafirie, utazuiwa mpakani. Kumbuka pia ofisi za Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi.

Ukikamatwa, usitie saini usichokifahamu. Omba mkalimani, na sema wazi unataka ubalozi wako uarifiwe. Ni haki yako kwa Mkataba wa Vienna wa 1963, mkataba wa mataifa juu ya huduma za kibalozi. Ubalozi haulipi hospitali wala faini, lakini unaweza kukutembelea na kuwaarifu jamaa zako.

Matatizo mengine hubebwa kutoka nyumbani. Tramadol, dawa ya maumivu, na dawa zenye kodeini zinaweza kukutia ndani Dubai kama huna cheti cha daktari na kibali ulichokiomba kabla ya safari. Mzigo wa kumpelekea mtu, hata wa jirani, ufunguliwe mbele yako kitu kimoja kimoja, mpaka kikapu cha halua. Asiyetaka ufunguliwe, mrejeshee.