SOMO: Mahindi yanavyoyafisha njaa maharage ndani ya chupa (fotorespiresheni kwa macho)

Kwa nini mharage ukifungiwa na mahindi ndani ya chupa hufa, na mahindi yakabaki? Swali hili linarudi kila muhula. Safari hii naliandika lote, mkiuliza tena nawaelekeza hapa.

Rubisko, kimeng'enya kinachonasa kabonidayoksaidi, hunasa na oksijeni pia. Ikinasa oksijeni inazalishwa fosfoglikoleti, na kuirudisha kwenye mzunguko wa kutengeneza sukari kunagharimu kaboni moja kati ya kila nne; hiyo ndiyo fotorespiresheni. Ndiyo maana kwenye nyuzi 25 maharage hukwama kabonidayoksaidi ya hewani ikishuka hadi sehemu 50 hivi kwa milioni: yanachonasa ni sawa na yanachopoteza. Mahindi huikoleza kabonidayoksaidi kabla haijafika kwa rubisko, hivyo huinyonya hadi karibu na sifuri, na hapo maharage yanabaki kupoteza tu.

1. Otesha mahindi 8 na mharage 1 kwenye vikopo vifupi.

2. Subiri kotiledoni (majani ya mbegu) za mharage zidondoke, la sivyo mharage utakula akiba iliyomo.

3. MCHANGA, SI UDONGO. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Udongo wa shamba una vijidudu vinavyopumua mchana na usiku, na kabonidayoksaidi yao inatosha kuulisha mharage wiki nzima ukabaki unang'aa. Samadi ndiyo mbaya kabisa. Tumia mchanga mnene uliooshwa mpaka maji yatoke meupe, kisha umwagilie mbolea ya maji iliyozimuliwa. Okota kila jani lililokufa kabla ya kufunga, maana likioza nalo linatoa gesi.

4. Funika kwa chupa ya maji ya lita 20 iliyokatwa kitako, uibandike juu ya kioo kwa silikoni. Hewa ya nje ina zaidi ya sehemu 400. Tundu dogo tu, jaribio limekwisha.

5. Taa za LED saa 24. Gizani mimea yote hutoa kabonidayoksaidi, na mharage unapata nafuu. Juani usiweke, utaipika.

6. Chupa ya pili, ya kulinganishia: mharage bila mahindi. Usiiruke.

Ndani ya wiki moja au mbili mharage wenye majirani unageuka njano.

MASWALI

— Mkuu, si mharage umekufa kwa kukosa oksijeni?
Mimea iko kwenye mwanga saa 24. Oksijeni inatoka wapi kama si kwenye mimea yenyewe?

— Wangu haujafa. Nilitumia udongo wa bustani.
Hatua ya 3.

— Naweza kuweka mtama? Na mchicha je?
Swali zuri. Mtama, ulezi na muwa ni sawa na mahindi. Mchicha nao umo kundi hilo ingawa si nyasi. Kata kipande chembamba cha jani lake kwa wembe, uangalie kwa hadubini: utaona seli kubwa za kijani zimeuzunguka mshipa kama pete. Badala ya mharage, jaribu mpunga au ngano.

— Kwa nini mimea isiache tu fotorespiresheni?
Fosfoglikoleti ikirundikana inazuia mzunguko wenyewe. Mimea iliyopoteza vimeng'enya vya njia hii hudhoofika kwenye hewa ya kawaida, lakini ukiipa kabonidayoksaidi nyingi inakua vizuri.

— Nina kihisi cha infraredi cha kupima kabonidayoksaidi, kinasoma 400 kila siku!
Zima urekebishaji wa kujiendesha. Kinadhani kiwango cha chini kabisa kilichokiona ni hewa ya nje.