Namna ya kufuatilia msimu mzima wa timu moja ya chuo kwenye futiboli ya Marekani bila kupotea njiani

Kosa la kwanza ambalo karibu kila mgeni wa futiboli ya vyuo Marekani anafanya, na mimi nililifanya, ni kutafuta msimamo wa ligi. Unafungua unakuta timu 134 (huo ni msimu wa 2024, na hapo ni daraja la juu tu), timu zenyewe hazikutani zote, kila moja ina mechi 12 tu za kawaida, alafu unaona timu haijafungwa hata mara moja iko chini ya timu zilizofungwa mara 2. Sio utani, Army (timu ya chuo cha jeshi) mwanzoni mwa Novemba 2024 ilikuwa haijapoteza mechi na bado ilikuwa inachungulia mkiani mwa orodha ya timu 25 bora. Unafunga simu unalala. Sasa achana na msimamo. Chagua timu moja, chukua ratiba yake, isome kabla msimu haujaanza, hayo mengine utayaokota njiani.

Sheria usijipe kazi nazo sana. Timu yenye mpira ina majaribio 4, yanaitwa dauni, ya kusogea yadi 10, ikifika inapewa mengine 4. Kuingiza mpira eneo la mwisho ni tachidauni, pointi 6, baadae unapiga teke kupata 1 au unajaribu kuingiza tena upate 2. Ukikwama unaweza kupiga teke mpira upite katikati ya nguzo, pointi 3. Na kitu kimoja kitakachokusumbua kwenye vyuo peke yake: wachezaji wawili wa timu moja wanaweza kuwa na namba sawa mgongoni, ilimradi hawako uwanjani kwa wakati mmoja, mara nyingi mmoja anashambulia na mwingine analinda. Kwa hiyo ukiona namba 2 kadaka mpira alafu dakika mbili baadae namba 2 anamkaba mtu, hujachanganyikiwa.

Haya, ratiba. Timu zimegawanyika kwenye makundi yanayoitwa konferensi, na makubwa ni SEC, Big Ten, ACC na Big 12. Majina yasikudanganye kabisa, Big Ten tangu 2024 ina timu 18, na ACC ambayo jina lake ni la pwani ya Atlantiki ina Stanford na California ambazo ziko upande wa Pasifiki. Hela za televisheni ndo zimefanya hayo yote, tusikae hapo. Cha kujua ni kwamba timu yako itacheza mechi 8 au 9 ndani ya konferensi yake, zilizobaki inajipangia yenyewe.

Nitatumia Ohio State ya 2024 maana msimu ule una kila kitu unachohitaji kujifunza. Chukua kalamu ugawanye ratiba mafungu matatu. Fungu la kwanza ni mechi za kushiba, yani chuo kikubwa kinakilipa chuo kidogo kije nyumbani kwake kipigwe. Ohio State walianza na Akron 52-6, wakaja Western Michigan 56-0, wakapumzika wiki, wakaja Marshall 49-14. Hapo hujajifunza kitu kuhusu timu yako, matokeo usiyaamini, we angalia vitu vidogo tu: kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) anatulia akibanwa? nani anapewa mpira wakihitaji yadi 2? yule dogo wa mwaka wa kwanza anacheza kweli au anaingizwa mwishoni mechi ikishaisha? (Mchezaji ana misimu 4 ya kucheza, lakini akicheza mechi zisizozidi 4 kwa mwaka msimu huo unaweza usihesabiwe, ndo maana makocha wanawachungulisha madogo alafu wanawarudisha benchi.) Ohio State dogo wao alikuwa Jeremiah Smith, na ilichukua kama wiki moja kujua huyu hatarudishwa popote.

Fungu la pili ni mechi za konferensi ambazo unatakiwa ushinde lakini zinaweza kukuuma. Na fungu la tatu ni zile 3 au 4 ambazo msimu unasimama au unaanguka. Kwa Ohio State zilikuwa kwa Oregon ugenini Oktoba 12, kwa Penn State ugenini Novemba 2, Indiana nyumbani, na Michigan nyumbani siku ya mwisho. Ukishaziwekea alama hizo, utajua Jumamosi gani huwezi kukubali mwaliko wa harusi.

Oregon wakawafunga 32-31, na muda uliisha kwotabeki Will Howard akiwa ameteleza chini na mpira mkononi, sekunde sifuri, hawakupata hata nafasi ya kupiga teke la mwisho. Mechi hiyo hiyo Oregon waliingiza watu 12 uwanjani sekunde za mwisho, wakaadhibiwa yadi 5 lakini saa ikawa imeshakula sekunde 4, yani kosa liliwafaidisha waliolifanya, na sheria ikabidi irekebishwe baadae. Mashabiki wengi wapya siku ile walisema msimu umeisha. Haukuwa umeisha, na hapa ndo pa kukaa kidogo kwa sababu hili ndo jambo moja ukilielewa umeelewa mchezo mzima wa vyuo: kufungwa hakulingani uzito. Unauliza mambo matatu, umefungwa na nani, umefungwa wapi, na umefungwa lini. Kufungwa pointi 1 nyumbani kwa timu kali mwezi wa Oktoba ni mkwaruzo tu. Notre Dame mwaka huohuo walifungwa 16-14 na Northern Illinois, nyumbani kwao, Septemba 7, yani ile mechi ya kushiba ikawageukia, aibu ya mwaka, lakini ilikuwa mapema, wakashinda zote zilizobaki za kawaida na wakafika fainali. Alabama nao wakiwa namba 1 walipigwa 40-35 na Vanderbilt Oktoba 5, mashabiki wa Vanderbilt waking'oa nguzo za goli na kwenda kuzitupa mto Cumberland, na hata hapo Alabama walikuwa bado hai kwenye mbio za mchujo, yani zile mechi za mtoano za mwisho wa msimu zinazotoa bingwa. Kilichowaua ni kufungwa mara ya 3, Oklahoma 24-3, Novemba 23. Ya kwanza unasamehewa, ya pili unaombewa, ya tatu mwishoni mwa Novemba hakuna wa kukuombea.

Sasa hizo namba pembeni ya majina ya timu. Kuna kura ya waandishi wa shirika la habari la AP ambayo ipo tangu 1936, inatoka kabla hata hawajacheza, usiumie nayo, ni stori za mtaani zenye heshima. Inayoamua ni orodha ya kamati ya mchujo, ndo wanaochagua timu za kuingia huko, na hiyo inaanza kutoka Jumanne karibu na mwanzo wa Novemba. Ushauri wangu ni kwamba usiangalie namba yoyote mpaka hiyo Jumanne, utaokoa hasira nyingi. Kamati inaangalia umecheza na nani, sio umeshinda ngapi tu, ndo maana ya Army pale juu.

Mwisho wa Novemba ni wiki ya mahasimu, Ohio State na Michigan, Auburn na Alabama, na hapo ratiba yako uliyoichorachora inakuwa haina maana. Ukitaka kujua kwanini, tafuta mwisho wa Auburn na Alabama wa 2013, Alabama wanapiga teke la ushindi sekunde 1 imebaki, linapungua, Chris Davis wa Auburn anaudaka mpira nyuma kabisa na kukimbia nao uwanja mzima, 34-28. Na Michigan ya 2024 ilikuja Columbus, nyumbani kwa Ohio State, ikiwa na ushindi 6 na kufungwa 5, timu ya kawaida kabisa, ikashinda 13-10, ikiwa ni mara ya 4 mfululizo kuwafunga Ohio State. Watu wakapigana katikati ya uwanja baada ya mechi, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Wiki ile ukisema kocha Ryan Day abaki ulikuwa unatukanwa.

Kumbe kuna Desemba. Mpaka msimu wa 2023 mchujo ulikuwa wa timu 4 tu, Florida State mwaka huo walishinda mechi zote 13 na ubingwa wa ACC wakaachwa nje. Kuanzia 2024 ni timu 12. Nne za juu zinapumzika raundi ya kwanza, namba 5 mpaka 8 zinacheza nyumbani kwao chuoni dhidi ya 9 mpaka 12, na kuanzia robo fainali wanahamia kwenye mechi za boli, yani mechi maalum za mwisho wa msimu, zenye majina ya zamani kama Rose Bowl na Cotton Bowl. Ohio State waliofungwa mara 2 waliwekwa namba 8. Wakawapiga Tennessee 42-17, wakakutana tena na Oregon waliokuwa hawajafungwa na kuwapiga 41-21, Texas 28-14, na Januari 20, 2025 kule Atlanta wakawafunga Notre Dame 34-23. Bingwa wa nchi nzima, na hata fainali ya konferensi yake hakuicheza!

Kama timu yako haimo kwenye 12 bado ina kazi, ushindi 6 unatosha kupata mechi nyingine ndogo ya boli mwezi Desemba. Zile zichukulie kama mazoezi ya mwaka ujao, maana nusu ya wachezaji wakubwa wanakuwa wameshaondoka au hawataki kuumia.

Na mwisho usinunue jezi Januari. Tangu 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao, na kuhama chuo siku hizi ni rahisi, kikosi kinaweza kugeuka ndani ya wiki chache. Huyo Will Howard mwenyewe alitoka Kansas State akacheza msimu huo mmoja, muda wake wa chuo ukaisha akaondoka, na aliyechukua nafasi, Julian Sayin, naye alikuja kutoka Alabama. Subiri Agosti orodha ya kikosi itoke, angalia kwotabeki ni nani na nani analinda mbele yake, ndo utoe hela.