Kupiga msuli kwa saa ya mwili: ratiba ya mwanafunzi wa Kigoma

Kigoma na Dar es Salaam zina saa moja ya ukutani, lakini jua la Kigoma huchelewa kama dakika 40. Julai huchomoza saa 1 asubuhi ikiwa imepita. Novemba, msimu wa pepa za kidato cha nne, ni kama saa 12:35. Kwa hiyo usinakili ratiba ya kusoma na kulala ya ndugu yako wa Dar. Saa ya mwili hufuata mwanga.

Saa hiyo ni vifundo viwili vya seli, jumla kama 20,000, ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale neva za macho zinapopishana. Ikiachwa yenyewe, kwa watu wengi mzunguko wake huzidi saa 24 kidogo, na kwa vijana huelekea kuchelewa zaidi. Ikichelewa, usingizi nao huchelewa. Na ni usingizini ambapo ulichosoma hutoka hipokampasi, ghala la muda, na kukazwa kwenye gamba la ubongo.

Hatua ya 1: Saa ya kuamka. Anza na hii kabla ya saa ya kulala. Amka saa 12, Jumapili pia. Jua likitoka, kaa nje dakika 20 hadi 30: fagia uwanja, chota maji, tembea kwenda shule. Taa ya chumbani haifui dafu hata mbele ya siku ya mawingu.

Hatua ya 2: Msuli wa usiku, saa 2:00 hadi 3:15. Weka hapa tarehe, fomula na majina. Kwenye kaunta buku piga mstari wima, theluthi moja ya ukurasa ibaki kushoto. Kulia andika maelezo, kushoto maswali tu. Kisha funika kulia kwa daftari jingine, jibu kwa sauti. Mada mbili zinatosha. Ya tatu huwa ni kujidanganya.

Hatua ya 3: Kulala. Saa 3:30 punguza taa, simu ikae chumba kingine. Saa 4 uwe kitandani. Kahawa na chai ya rangi mwisho saa 8 mchana, kwa kuwa baada ya saa tano hivi nusu ya kafeini bado imo mwilini.

Hatua ya 4: Asubuhi. Kabla ya kusoma chochote, funika tena upande wa kulia ujibu. Swali lililokushinda litie alama ya X. Usiku urudie hayo peke yake. Jipime tena baada ya siku 3, kisha 7.

Wengi huharibikiwa kwa kuamka saa 9 usiku kusoma. Usingizi mzito huja zaidi mwanzoni mwa usiku, wa ndoto karibu na alfajiri, basi huo wa pili unaukata. Tena mwanga mkali saa hiyo, kabla joto la mwili halijafika chini kabisa, huichelewesha saa ya mwili: kesho usiku utagaagaa tu.

Uchovu wa saa 8 mchana husingiziwa ugali wa muhogo. Huja hata usipokula. Lala dakika 20. Ukipitisha nusu saa utaamka kichwa kizito.

Kama sasa unalala saa 7 usiku, usirukie saa 4 kwa siku moja. Rudisha nyuma dakika 15 kila siku, kulala na kuamka. Zitakwenda siku 12, basi anza mapema, maana pepa huanza saa 2 asubuhi.